Yaya wa Exaucé

Kazi ya mume wangu Gichuki ni kufuatilia magonjwa. Mtu akiugua surua mtaani Hillbrow, yeye ndiye huenda kuuliza: ulikuwa na nani, wapi, nani mwingine ana vipele? Ni mtu wa maswali hata mezani, mpaka chai inapoa. Basi nilishangaa siku ile ya mwaka 2017 aliponipigia simu akihema.

“Nyambura, Denise ako hapo?”

“Ako. Anamlaza Fiona.”

“Mchukue mtoto. Sasa hivi.”

Denise, Mkongomani aliyekuwa akitulelea binti yetu hapa Braamfontein, aliishi jengo moja na mgonjwa mpya, Exaucé, mtoto wa miaka minne. Baba yake Exaucé, ambaye ni mlinzi, alikuwa amemwambia Gichuki kwa simu: “Mwana anashindaka na yaya. Yaya njo alianza na bile bipele.” Halafu akaitwa getini, simu ikakatika. Yaya tuliyemjua katika jengo hilo ni Denise, na wiki iliyopita hakuja kazini, ati kichwa.

Fiona wangu alikuwa na miezi minne, hajafikia umri wa chanjo ya surua. Nilimpokonya Denise mtoto bila neno, nikajifungia chumbani. Nilimkagua nyuma ya masikio, tumboni, mgongoni. Nilimchukia Denise, nasema kweli, na Gichuki pia kwa kunirushia habari nusu nusu.

Simu ikalia tena. Gichuki alikuwa amefika kwa kina Exaucé, na alikuwa akicheka kama mtu anayetaka kulia.

“Yaya ni msichana wa miaka tisa! Anaitwa Héritière, ni dada yake. Kwao yaya ni ndugu mkubwa. Aliugua hapa nyumbani, hakutoka, na sasa amepona. Denise hata hajawahi kupanda ghorofa yao.”

Nilikaa sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikacheka mpaka machozi: bwana maswali alikuwa amesahau kuuliza jina!

Nilipofungua mlango, Denise alikuwa ameshavaa koti, mkoba begani.

“Mama Fiona, mi niliwaza munanifukuza.”

Nikamweleza yote mbio mbio, nikiomba msamaha katikati ya kila sentensi. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe kwenu yaya ni mwenye kulea batoto?”

“Ndiyo.”

“Na ile unaambiaka bageni, ‘huyu ni yaya wetu’?”

Amenizidi umri, na miezi yote hiyo alikuwa akitabasamu kila nikimtambulisha hivyo.

“Nisamehe, yaya,” nikasema, nikamnyooshea mtoto.

Mikono yake ilibaki kwenye mkoba. “Ya kwenu ao ya kwetu?”

“Ya kwenu.”

Akavua koti, akampokea Fiona.