Mama Hayumo Kwenye Orodha

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mkurugenzi wa kiwanda cha vifuniko vya chupa alifungua mfumo wa kompyuta, akaingia kwenye mipangilio, akafuta neno "mfanyakazi" na kuandika "mwanafamilia". Mfumo ule ulikuwa na hisani hiyo: ukibadilisha neno mahali pamoja, linabadilika kwenye kila kitufe, kila fomu na kila ukurasa wa msaada. Alibonyeza Hifadhi, akaenda kunywa chai akijiona mtu mwema.

Kazi ya kuzipitia kurasa za msaada ilimwangukia mwandishi wa maelekezo, mwanamke ambaye meza yake ilikuwa jirani na choo. Alizisoma zote mia mbili na kumi. "Mwanafamilia akichelewa mara tatu, mfumo utampa onyo." "Kumfuta mwanafamilia, chagua jina lake, kisha bonyeza Futa." Hakuona kosa, akaziidhinisha. Mawazo yake hayakuwa hapo hata kidogo. Mama yake alikuwa afanyiwe upasuaji wa goti baada ya wiki tatu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha wala kumshika mkono kwenda msalani. Alihitaji likizo ya siku kumi, basi.

Kufikia Jumatano watu wote arobaini na wawili wa kiwandani walikuwa wameota masikio kama ya mkurugenzi. Ni masikio makubwa, yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Fundi wa mashine alilegeza mkanda wa kofia yake ngumu, kazi ikaendelea. Mama mzazi wa mkurugenzi alifika langoni na daftari, akaandika majina ya wajukuu wote, akawasema waliokonda. Mlinzi, aliyemzidi mkurugenzi miaka ishirini, alianza kumpa shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba bila haya.

Alhamisi mwandishi alijaza fomu ya likizo. Kwenye sababu aliandika kwamba anakwenda kumuuguza mama. Mfumo ukamtaka amchague mwanafamilia huyo kwenye orodha. Mama hakuwemo. Akaenda kwa afisa utumishi, ambaye tangu juzi kila mtu alimwita shangazi.

"Shangazi, huyu ni mama yangu mzazi."

"Nani anabisha? Ila kwenye familia hayumo, mwanangu. Nikikuachia ukauguze mtu baki, hawa wengine nitawaambia nini?"

"Huyo mtu baki ndiye aliyenizaa!"

"Basi mlete tumsajili. Dakika tano tu, yamekwisha."

Mama alikuja Ijumaa. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akipumzika kila baada ya tatu, kwa sababu goti lilikuwa limegoma kukunjika. Akapigwa picha, akaweka kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio. Masikio yalimsimama kabla hajafika mlangoni. Mkurugenzi, aliyekuwa na miaka arobaini na mmoja, alitoka ofisini kumkaribisha. Mama, mwenye miaka sitini na saba, alimtazama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu," alijibu mkurugenzi, akampa kalenda ya kiwanda.

Mwandishi alijaza fomu upya. Safari hii jina la mama lilikuwemo. Mfumo ukajibu kwamba mwanafamilia huyo ameingia kazini saa tatu na dakika nne na bado hajatoka, kwa hiyo si mgonjwa. Shangazi akashauri mama aombe likizo ya ugonjwa yeye mwenyewe. Ombi la mama lilirudi hapo hapo, likiwa limeambatanishwa na ukurasa wa mia na sita wa msaada: "Mwanafamilia mpya haombi likizo ya aina yoyote kabla ya kumaliza miezi sita ya majaribio."

Mwandishi aliutambua ukurasa huo. Aliuandika mwenyewe mwaka juzi, tena alishinda nao siku nzima ili asiache mwanya wa mtu kuuelewa vingine. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hasira zilimpanda, akakosa wa kumwagia, akarudi kukaa kwenye meza yake jirani na choo.

Mama alipewa kiti na boksi la vifuniko vya kukagua. Siku ya upasuaji ilipofika, mama na mwana walikuwa kazini, goti likiwa limevimba juu ya kiti cha pili. Saa ya mapumziko mama aliuomba ule ukurasa uliomzuia. Akavaa miwani, akausoma taratibu mpaka mwisho.

"Hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umeieleza vizuri, mwanangu. Nimeelewa mara moja," alisema mama, akavuta boksi jingine.