Vikombe Tisa vya Kafutuma

Kapinga alipofika kisimani asubuhi hiyo, aliinama ukingoni kutazama. Matofali ya ukingo yalikuwa meupe, yananuka klorini. Vile vimajani vya kijani alivyovilinda tangu mvua za kwanza havikuwepo.

Na alie tu, ana haki. Kule Lubumbashi alifundisha elimu ya mimea chuoni. Hapa Kafutuma, ng'ambo ya mpaka, vyeti vyake vikiwa vimeungua, ni mkimbizi wa kulima mihogo. Miaka sita aliona kwenye matofali yale vimajani vya kike tu, visivyozaa bila dume. Mwezi huu ndipo akaviona: vikombe tisa, vidogo kuliko punje ya mtama, ndani yake vifuko vya mbegu za kiume, vikingoja tone la maji lizirushe, zikaogelee kwa majike. Alimwandikia Daktari Mwaka, mtaalamu wa mimea wa Lusaka, naye akajibu: nakuja Alhamisi, ukinionyesha madume, kazi ya maabara ni yako. Alhamisi ni leo. Majirani aliwaambia tu kwamba mgeni anakuja; habari za madume alizificha, asichekwe. Tena, kwa uchoyo wake, hakuchuma hata kikombe kimoja akakihifadhi.

Jirani yake Ireen alikuja na brashi mkononi, furaha tele usoni.

“Ba Kapinga, mugeni wenu atakuta fasi ya kisima ni safi. Nilisugua jana, klorini mara mbili.”

“Ile uchafu mulitupa wapi?”

“Mu choo.”

Kapinga alipiga magoti akachokoa nyufa kwa kucha, moja baada ya nyingine, hadi vidole vikatoka damu. Hakupata hata uzi wa kijani. Alitaka kupiga kelele. Lakini Ireen alizika mwanawe mwaka wa kipindupindu, na tangu hapo hampi mgeni maji ya kisima kisichosuguliwa.

Gari la Daktari Mwaka likafika. Akatoa lenzi, akainama, akainuka.

“Madume yako wapi?”

Pembeni Ireen alikuwa amepiga magoti, akimnyooshea mgeni kikombe cha maji kwa mikono miwili. Kapinga alimtazama. Neno moja tu lingemwokoa, na Ireen angelisikia.

“Nilikosea, Daktari. Niliona vibaya. Ni majike tu.”

Daktari aliguna. Akanywa maji yote, akashukuru, akaondoka.

“Alipenda mayi yetu,” Ireen akasema, akimshika bega.

“Ndiyo, Ba Ireen,” akajibu Kapinga, akivificha vidole vyake kwenye kitenge. “Alipenda.”