Jioni Bibi Asiye na Meno Alipopiga Simu

Maneno yalianzia bombani: mafua ya safari hii yanapanda kichwani. Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka. Mama mmoja, mshonaji, alijitwika ndoo yake akarudi, maneno yamemng'ang'ania kama gundi.

Alikuwa na binti mmoja tu, msusi, anayeishi mbali. Nyumbani walibaki yeye, cherehani na simu iliyoegemezwa kwenye kikopo cha vifungo. Kila jioni binti alipiga, akaanza na utani wao, kuiga sauti ya bibi yake asiye na meno: "Mwanangu, umefiba?" yaani umeshiba. Mama alicheka peke yake mpaka sindano ikapotea njia.

Wiki ile binti alikuwa na homa na kikohozi.

"Nenda kapime, mwanangu. Watu wanasema..."

"Mafua tu, mama! Mbona unanizika mapema?"

Jioni iliyofuata simu ikalia, binti akasema: "Mma... umefi..."

Mama akaangua kicheko. "Karibu, bibi! Leo hata ufizi umeusahau?"

Akangoja. Binti hakuwahi kujizuia. Siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunjika mbavu. Safari hii kimya. Halafu kitu kikaanguka, pu!

Kicheko kikamkauka. Akampigia fundi viatu, jirani wa binti. "Baba, kimbia kwa binti yangu, maneno yamemvurugika, mtazame uso!"

Fundi hakukata simu. "Mama, shavu moja limelegea. Mkono hauinuki."

"Hospitali! Sasa hivi!"

Baadaye daktari alimweleza kwa simu: mafua hayapandi kichwani kama wasemavyo bombani. Ila virusi vya mafua makali vinaweza kuvimbisha kuta za mishipa ya damu, damu ikaganda, mshipa wa ubongo ukaziba. Ni kiharusi. Huwapata wachache, lakini hata vijana.

"Mmewahi," alisema. "Kusema kutarudi polepole."

Simu bado inalia jioni. Mama husimamisha cherehani, akasikiliza pumzi. Jana ilitoka "umefi", ikakomea hapo. Hakujua kama ni utani. Hakuthubutu kucheka.

Basi wewe mwenye mtoto, epuka haya:

Kusema "mafua tu" wakati homa ni kali.

Kukataa chanjo ya mafua ikiwepo.

Kukohoa hovyo karibu na watu.

Kungoja kesho uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata dalili zikidumu dakika chache tu.

Kumpa mgonjwa chakula au kidonge kabla daktari hajamwona.

Kucheka kabla hujamsikia naye anacheka.