Mkasi wa Bi Hermitas

Hapa Camariñas, mji wa pwani ya Hispania, mwanamke haulizwi kama anajua kupika. Anaulizwa anasuka lesi kwa nani. Mimi nilikuwa sisuki kwa mtu. Nimeolewa hapa nikitoka bara, kwenye ng'ombe na viazi, na miezi minane nilizungumza na masufuria. Ndipo Bi Hermitas akanifungulia sebule yake: wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na mto wake wa majani makavu magotini, lesi imeshikwa juu yake kwa pini, vijiti vilivyozungushiwa uzi vikigongana kama mvua juu ya bati, na midomo ikisuka zaidi kuliko mikono. Nani kaachwa, nani kanenepa ghafla. Nikasema moyoni, hapa sitoki.

Ila nyumba ile ilikuwa na sheria. Mwanafunzi akikosea, Bi Hermitas huikata kazi yake kwa mkasi, aanze upya. Akikatwa mara tatu, abebe mto wake aende zake. Mimi nilishakatwa mara mbili.

Alhamisi moja lesi yangu ilikuwa imefika urefu wa kiganja. Dosinda, aliyekaa kando yangu, akaleta habari za shemeji yake na fundi saa, tamu mno, nami nikairuka jozi moja ya vijiti. Nikasuka mistari kumi na sita bila kujua.

Dosinda huyohuyo ndiye aliyeona. "Bi Hermitas, mtu wa ng'ombe katoboa shimo."

"Uzi haukamuliwi, shoga," mwingine akadakia.

Wakacheka, nami nikacheka, maana ilichekesha. Lakini Bi Hermitas alikwishasimama na mkasi. Nikaifunika lesi kwa viganja viwili.

"Ondoa mikono, mwanangu."

"Siondoi. Nitaifumua mwenyewe."

"Lesi haifumuliwi. Uzi unachoka, unakatika."

"Ukikatika, nitabeba mto wangu bila kuambiwa. Lakini mkasi huo ukishuka sasa, utaanza na vidole vyangu."

Bi Hermitas akabaki amesimama na mkasi wake, akiitazama mikono yangu.

Nikang'oa pini ya mwisho, kisha iliyoitangulia. Uzi uliopita juu nikaurudisha chini, mstari kwa mstari, kinyumenyume. Kahawa ikaletwa, ikapoa. Dosinda akawa anahesabu pini kwa sauti ili anichanganye. Nikamwambia ahesabu vizuri, karuka ya thelathini. Kwenye mstari wa tisa uzi ukaanza kutoa manyoya. Nikaulowesha kwa mate, nikaendelea.

Nikaifikia jozi niliyoiruka. Nikaipitisha panapostahili, nikachomeka pini, nikaanza kusuka tena kwenda mbele.

"Nani kakufundisha kufumua?" Bi Hermitas akauliza.

"Hakuna. Humu mnafundisha kukata."

Mtu akakohoa. Bi Hermitas akainama, miwani ikigusa pini zangu.

"Uzi umechakaa. Itaonekana."

"Ionekane."

Akakaa kitini pake, mkasi mapajani, akashika vijiti vyake. Nami nikashika vyangu.