Pua ya Kiwandani

Kiwandani mume wangu anaitwa Pua. Wanachukua gesi ya ethilini, wanaunganisha chembe zake tatutatu mpaka inakuwa hekseni, kimiminika kisicho na rangi, kinachonuka na kuwaka upesi kama petroli. Kinachanganywa kwenye plastiki ili mifuko isipasuke ovyo. Ndugu zake wenye mnyororo mrefu zaidi huishia kwenye mafuta ya mashine na sabuni. Kwa hiyo wananichafulia ovaroli, kisha wananiuzia sabuni ya kuifulia.

Vipimo vya gesi vipo, lakini Pua alikuwa akijua bomba linavuja kabla kipimo hakijalia. Mdogo wangu yuko naye zamu moja, upande wa pampu. Shemeji yake akisema hewa ni safi, yeye anashika spana bila kuuliza.

Zamani ovaroli haikuvuka mlango. Harufu yake ilimkera mwenyewe. Juzi aliingia nayo mpaka mezani, akala. Nikadhani ni uchovu. Jana nikatoka kuanua nguo, nikarudi mbio kwa harufu ya sufuria inayoungua. Yeye alikuwa kaketi hatua mbili kutoka jikoni, anachezea simu.

"Hunusi," nikamwambia.

Akaiweka simu chini. "Tangu yale mafua. Nikisema, watanitupa stoo."

"Na mdogo wangu je?"

Akasema vipimo vipo. Nikamuuliza mbona basi huyo kijana humsubiri yeye kwanza. Nikalala nimemgeuzia mgongo kwa hasira. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, ila hapa kifo kingeanza na mtoto wa mama yangu.

Asubuhi mdogo wangu akampitia kama kawaida yake, anatania, anauliza kama Pua amenusa chai iko tayari. Nilimtazama mume wangu, nikampa nafasi aseme mwenyewe. Akainama kufunga kamba za viatu. Akafunga, akafungua, akafunga tena.

"Shemeji yako hanusi," nikasema. "Hajanusa kitu tangu augue."

Mdogo wangu akacheka. Kisha akamwona mwenzake bado kainama, kicheko kikamkauka.

"Shemeji, ile pampu ya jana," akasema taratibu. "Uliponiambia nifungue."

Mume wangu hakuinua kichwa.

"Nilibahatisha."