Kizibo cha Mwisho wa Kebo

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kompyuta katika ushirika mmoja wa maziwa nje kidogo ya mji wa Kolhapur, India. Ushirika ulipoondoa kompyuta zake za zamani, mimi nilichukua yangu nikaipeleka nyumbani. Baba mkwe wangu, daktari wa mifugo, alinisimulia jioni baada ya jioni maneno ya wafugaji: majina ya magonjwa, ya rangi za nyati wa kufugwa, ya kila aina ya pembe. Nami nikayachapa humo. Alifariki tukiwa tumefikisha maneno elfu moja na mia nne.

Mwaka jana chuo cha kilimo kiliyaomba. Kompyuta iliwaka vizuri, lakini sehemu ya kuingizia diski ilikuwa imekufa. Njia iliyobaki ilikuwa tundu la mtandao nyuma yake, lile la mviringo, la kebo nyeusi inayofanana na ya antena ya televisheni. Ruta yangu haina tundu la namna hiyo. Mafundi niliowauliza walicheka. Wenzangu wa zamani wote walinitajia jina moja: "Mtafute Ghorpade. Bado ana vifaa vile."

Nilikaa wiki tano bila kumpigia simu.

Nilipompigia hatimaye, alikuja Jumapili asubuhi na mfuko wa kitambaa begani.

"Dada Sushama! Hujazeeka hata kidogo," alisema akivua viatu mlangoni. "Nywele tu ndizo zilizotangulia."

"Na wewe kaka, naona tumbo ndilo lililotangulia."

Alicheka, akakataa poha, ule mchele bapa niliokuwa nimeukaanga, akakubali chai. Kisha akatoa kisanduku cha kijivu akakiweka mezani. "Huyu ndiye mkalimani wetu. Upande huu anapokea kebo ya zamani, upande ule waya wa siku hizi unaokwenda kwenye ruta." Akafunga kebo, na kila mwisho wake akakaza kizibo kidogo cha chuma. Kila kimoja alikikaza, akakifungua, akakikaza tena. Mara nne.

"Kimeshakazika, kaka," nilisema.

"Niache tu. Mikono yangu siiamini. Umesahau nilivyoua mtandao wa ofisi nzima?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka 1994 kompyuta zetu sita zilikuwa zimefungwa kwenye kebo moja, na yangu ilikuwa ya mwisho. Joto lilikuwa kali, nikasogeza meza yangu dirishani. Kizibo cha mwisho wa kebo kikachomoka, nikakitupia kwenye droo nikidhani ni takataka. Mtandao wote ukafa palepale. Orodha za magari ya kubeba maziwa hazikutoka, maziwa yakachacha, yakamwagwa mtaroni mbele ya watu walioyakamua. Meneja aliuliza nani amegusa waya. Ghorpade, fundi wetu wa mtandao, alikuwa ameongeza kompyuta ya sita jana yake.

"Ghorpade ndiye aliyekuwa kwenye waya jana," nilisema. Lilikuwa jambo la kweli, na nilijua litafanya kazi gani.

Siku ya pili nilimsikia akimweleza meneja kwamba kebo isipozibwa mwisho haifanyi kazi. Ndipo nikaelewa. Wenzangu walipokwenda kula nilikirudisha kizibo, nikakaa kimya. Mtandao ukafufuka, na kila mtu akaamini kwamba Ghorpade alikuwa ameharibu kisha akatengeneza kwa kubahatisha. Wakamhamishia uwanja wa kupima maziwa. Baada ya miezi minne akaacha kazi, akaenda kutengeneza pampu za maji.

Yote hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hata yeye aliamini kosa ni lake.

"Niliukata ule waya vibaya," aliniambia akiwasha kompyuta. "Mpaka leo sijui wapi. Nimeufikiria miaka yote hii, kila kiungo. Niliwamwagia wakulima maziwa yao."

Kioo kikaonyesha maandishi. Akachapa amri ya kuiita ruta. Hakuna jibu. Akachapa tena. Akakagua kebo, akapuliza tundu, akafungua vizibo akavikaza upya. Jasho lilimtoka ingawa feni ilikuwa inazunguka juu yetu.

"Ni mimi tena," alisema kwa sauti ndogo. "Unaona? Ni mikono hii hii."

"Siyo mikono yako. Hata wakati ule haikuwa mikono yako." Nilikuwa nimesimama na kikombe chake mkononi. "Nilisogeza meza yangu kizibo kikatoka. Nilipojua, nilikirudisha kwa siri. Nilikuacha wewe ubebe lawama."

Aliniangalia kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Nilitamani anitukane. Alikaa kitini, akatazama viganja vyake, na mimi nikashindwa kuvitazama.

Kisha akatoa simu, akabonyeza, akanipa.

"Mwambie Mandakini," alisema. "Mimi hataniamini."

Nilimwambia mke wake, kila neno, mume wake akisikiliza.

"Wewe mama," Mandakini alisema, "unajua huyu mwanamume hukagua bomba la gesi mara tatu kila akitoka nyumbani? Harusi ya dada yangu tulichelewa, yeye anakagua bomba. Watoto walimcheka. Mimi pia nilimcheka, sikia, mimi pia."

"Nisamehe, dada."

"Hilo mwombe yeye. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Wale wa ofisini wanajua?"

"Hapana."

"Basi usinililie mimi. Waambie wao."

Ghorpade alichukua mfuko wake, akaacha vifaa vyote kama vilivyokuwa, akaondoka bila kuimaliza chai.

Jioni hiyo niliandika kwenye kundi la simu la wafanyakazi wa zamani. Nilifuta mara nyingi, maana kila mara nilijikuta nimeandika joto la siku ile kabla ya kuandika kosa langu. Mwishowe niliandika kosa peke yake. Watu thelathini na mmoja walisoma. Mmoja aliuliza, "Kwa nini sasa?" Karani niliyekuwa nikila naye kila siku alijitoa kwenye kundi. Ghorpade naye alisoma.

Siku ya nne alinipigia simu.

"Ruta yako ni mpya mno," alisema, bila salamu. "Haikubali mwendo wa polepole. Tafuta swichi ya zamani kidogo, iweke katikati, kati ya kisanduku na ruta. Waya zangu hazina kosa."

"Asante, kaka."

"Waya zangu hazina kosa," alirudia, akakata.

Nilifanya alivyosema. Ruta ikajibu mara ya kwanza, na maneno ya baba mkwe yakahamia kwenye kompyuta mpya kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Chuo kilifurahi, kikaniuliza jina langu liandikwe vipi kwenye shukrani. Nilitaja la Ghorpade. Nilipompelekea vifaa vyake, Mandakini ndiye aliyefungua mlango. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa adabu, na hakunikaribisha ndani.