Hodi Katika Magofu ya Maporomokoni

Nyumba ile haikuwa na paa, wala mlango, wala mwenyewe, lakini sakafu yake ilikuwa safi kama imefagiwa asubuhi hiyo. Wifi yangu alisimama kizingitini, akapiga hodi. Nilitaka kucheka, nikaziba mdomo kwa kiganja.

Nywele zimeshaniota mvi, na bado naisikia hodi ile.

Kaka yangu, mumewe, alikuwa fundi umeme, mtu wa mizaha. Kila akipata nafasi aliyakimbia makelele ya jiji, akapanda huku kutazama maporomoko. Siku moja hakurudi. Waliomtafuta waliukuta mkoba wake ndani ya magofu haya, umefungwa vizuri. Mwenyewe hakuonekana, si mzima wala maiti.

"Simlilii mtu ambaye hajafa," wifi alikuwa akisema, na kila jioni aliendelea kumpakulia chakula. Mwaka ukakatika hivyo. Ndipo nilipomsindikiza, akajionee, labda moyo ungetulia.

Chumba cha mwisho kilibakiwa na dirisha tupu. Chini yake palikuwa na genge, maji yakiporomoka kwa kishindo kilichotetemesha kuta. Tulisimama katikati ya chumba. Ghafla kishindo kikakoma. Maji niliyaona yakianguka, lakini kimya, kama yanaangukia pamba.

Katika kimya kile nikamsikia kaka.

"Bosi!"

Ndivyo alivyozoea kumwita mkewe. Sauti ilikuwa ya furaha, ya mtu aliyeona kitu kizuri na anataka mwenzake naye akione.

Nikamdaka wifi mkono. Kishindo kikarudi. Tulishuka mbio, miba ikitukwaruza, hakuna aliyethubutu kugeuka, hadi kituo cha basi.

Pale, mbele za watu, wifi alilia kwa mara ya kwanza. Alilia mpaka kwikwi zikamwishia, akajifuta uso kwa viganja.

"Amekufa," alisema. "Angekuwa hai asingeita vile."

"Mimi mwenyewe damu iliniganda, alipokuita."

Akanitazama. "Kuniita mimi? Wifi, aliita Kasuku."

Kasuku ni mimi. Kaka alinipachika jina hilo tukiwa wadogo, kwa sababu ya domo langu.

"Lakini mimi ndiye niliyekushika mkono," nikasema.

"Hapana." Alisema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. "Mimi ndiye niliyekushika. Mguu mmoja ulikuwa umeshautoa nje ya dirisha."

Basi likaja. Nilipoinua mguu wa kulia nipande, kiatu kilichuruzika maji.